Dagaa wa Jabali la Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa, na muuzaji akaniapia kwamba ni wakavu kabisa. Sikubishana naye. Nilichukua dagaa mmoja, nikamsogeza sikioni na kumvunja. Hakutoa sauti, alijikunja tu. Nikahamia meza ya pili, kisha ya tatu, na kwenye meza ya nne dagaa akavunjika kwa ule mlio mdogo ninaoujua tangu utoto. Muuzaji wa meza ile, binti mwenye miwani, akacheka. "Mama, unanunua dagaa au unapokea simu?" Nikamwambia bibi yangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilinunua sado mbili, na badala ya kurudi Buhongwa kwenye cherehani yangu, miguu ikanipeleka Ilemela, ufukweni nilikokulia.

Wewe hukumjua bibi, kwa hiyo ngoja nikueleze. Baba na mama walitangulia mapema, nikabaki na bibi mzaa mama, mwanamke mfupi, mweusi tii, Msukuma aliyesema "habali" na "kalibu" bila wasiwasi, na ole wako ucheke. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa. Mitumbwi iliporudi alfajiri, wanawake waliteremka na ndoo, wakapanda nazo kichwani mpaka kwenye majabali. Kila mmoja alikuwa na jabali lake. Haikuandikwa popote, lakini ungemwaga ndoo yako kwenye jabali la mwenzako ungejua wewe ni nani siku hiyo. La bibi lilikuwa pana, limelala kama mgongo wa kiboko, na ikifika saa sita mchana lilikuwa la moto kiasi cha kuunguza nyayo hata ukiwa umevaa ndala.

Siku zisizo za shule kazi yangu ilikuwa kuwageuza dagaa na kuwafukuza nyangenyange, ndege wasio na haya hata kidogo. Mchana tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali wa udaga wa muhogo na dagaa wabichi aliowakaanga bibi kwa nyanya nyingi. Mpaka leo sijala chakula kitamu kuliko kile, na nimekula kwenye harusi za watu wenye uwezo. Kote kwenye majabali kulikuwa na harufu ya samaki, mlio wa maji, na wanawake wakisemana kutoka jabali moja hadi jingine bila kuinua vichwa.

Sasa kulikuwa na neno moja lililoweza kunyamazisha soga zote: "Anueni!" Wingu likijitokeza, mmoja akapiga kelele hiyo, basi wote waliinama wakakusanya dagaa mbio mbio. Hakuna aliyeuliza. Dagaa wakinyeshewa wanaishia kuwa chakula cha kuku, na hilo kila mtu alilijua.

Nilikuwa na miaka kumi bibi alipokwenda kuhani msiba na kuniachia jabali peke yangu. Dagaa wetu siku hiyo walichelewa, walitoka kwenye mtumbwi wa mwisho, na mchana walikuwa bado na unyevu tumboni. Wingu likatokea nyuma ya milima. Niliangalia kama bibi alivyokuwa akiangalia: upepo ulikuwa bado unatoka ziwani, na kisiwa kilichoko mbele yetu kilionekana chote, mpaka miti yake. Moyoni nilijua lile litanguruma na kupita. Lakini jirani yetu, mama wa jabali la pili, akapiga kelele, "Anueni! We mtoto, unasubiri nini?" Nikaanua. Nikawajaza kwenye magunia wakiwa nusu wabichi, na mvua haikudondosha hata tone. Bibi aliporudi jioni, magunia yalikuwa yamepata joto na yanatoa harufu.

Nilisubiri kuchapwa. Bibi alitia mkono kwenye gunia, akaunusa, akakaa chini.

"Macho yako yaliona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia upepo, nikamwambia kisiwa.

"Sasa mbona ukaanua?"

"Mama jirani alisema tuanue."

"Alisema kweli. Wa kwake walikuwa wameshakauka, walimwagwa alfajiri. Alikuwa anaangalia dagaa wake."

Hakunichapa. Nililia usiku ule kuliko ambavyo ningelia kwa fimbo. Wala jirani hakuwa mbaya, nataka ulijue hilo. Yule mama alinisuka nywele bure miaka yote ya shule ya msingi.

Miezi michache baadaye tulikuwa wote wawili jabalini, likatokea wingu jingine upande ule ule wa milima. "Anueni!" Watu wakainama. Bibi alikuwa amekaa na kikombe chake cha uji, akanitazama tu. Nikatazama ziwa kwa madaha ya mtu mzima, nikasema, "Tuache, bibi. Litapita."

Halikupita. Ilinyesha mvua ambayo ungedhani imetumwa kwa ajili yangu tu. Dagaa wetu walisombwa na maji wakarudi ziwani walikotoka, na nyangenyange wakafanya sherehe. Wenzetu walitutazama kutoka chini ya turubai zao, jirani akitikisa kichwa. Bibi alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, uji wake umejaa maji, naye anacheka. "Haya, safari hii uliacha kuona nini?" Nikafikiri. Upepo. Upepo ulikuwa umekufa kabla ya wingu kukua, nami sikuuangalia, nilikuwa naangalia kisiwa tu. "Umeshaujua," akasema. "Hutausahau." Na kweli sijausahau.

Nilimaliza darasa la saba na kufaulu, ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Bukoba. Alishuka kwenye meli na gauni lililopigwa pasi, mkungu wa ndizi na kopo la senene wa kukaanga. Alikuwa mwalimu, mtu wa kanisa na mwenye maneno yaliyopangika. Alitaka kunichukua nikasome sekondari ya wasichana ya bweni kule kwao, yeye angenilea mpaka chuo. Mwalimu wangu mkuu alifika nyumbani kwa baiskeli kuniambia bahati kama hiyo haiji mara mbili. Jirani akaniambia niache ujinga, nifunge sanduku. Wote walinitakia mema, na wote walikuwa wanasema kweli.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokiona mimi peke yangu. Kwa miezi kadhaa bibi alikuwa akiniuliza, "Kisiwa kinaonekana leo?" hata siku ambayo anga ilikuwa nyeupe. Chai aliimimina pembeni ya kikombe. Dagaa alianza kuwapima kwa sikio badala ya kuwatazama, na akaupa ujanja huo sifa kubwa ili nisishtuke. Bibi alikuwa anaingia gizani kidogo kidogo, na hakuwa amemwambia mtu.

Shangazi aliponitaka jibu tulikuwa sebuleni watu wanne, mwalimu mkuu akiwa wa nne. Bibi akasema, "Mimi naona aende. Ila mwulizeni mwenyewe." Nikamtazama bibi, ambaye macho yake yalielekea mlangoni ilhali mimi nilikuwa dirishani.

"Shangazi, nashukuru sana," nikasema. "Nabaki."

"Utajuta, mwanangu."

"Huenda. Lakini nabaki."

Sikuyataja macho ya bibi mbele za watu. Mwalimu mkuu aliondoka bila kuaga vizuri, na shangazi alipanda meli kesho yake akiwa amenuna. Bibi aligoma kuongea nami siku mbili nzima. Siku ya tatu tukiwa jabalini akauliza, "Uliona?" Nikajibu, "Niliona, bibi." Akaniambia nigeuze dagaa wa upande wa juu.

Sitakudanganya kwamba mambo yalininyookea. Nilisoma sekondari ya kata, kwa miguu, walimu wenyewe wa kuhesabu, na kidato cha nne sikufanya vizuri. Nikajifunza kushona. Binti wa shangazi, rika langu, leo ni daktari, na siku aliyokuja kunisalimia na gari lake zuri nilijuta wiki nzima, nikawa nakosea hata kukata kola. Lakini nilipata miaka sita na bibi. Alipopofuka kabisa bado alipanda jabalini akinishika bega, nami nikawa namsimulia: mitumbwi mingapi, wingu liko wapi, maji yana rangi gani. Yeye alivunja dagaa sikioni na kusema tayari au bado, na hakukosea. Alifariki asubuhi moja akiwa amelala, mkono wake juu ya mguu wangu. Nani angenipa miaka hiyo kama ningeiacha? Hata shangazi alinisamehe bila kusema. Kila msimu wa senene kopo lilifika, mpaka naye alipofariki, na nawashukuru wote wawili kila nikiwakumbuka.

Basi wiki iliyopita nilifika ufukweni na mfuko wangu. Majabali mengi yamepasuliwa kokoto. Waanikaji waliobaki wamesogea mbali, wanaanika kwenye vichanja vya nyavu, ambavyo ni bora, sikatai. La bibi lipo, ila liko ndani ya ukuta wa nyumba ya wageni, na juu yake wameweka viti vya plastiki na mwavuli. Hakuna harufu ya dagaa hata kidogo. Mlinzi, mzee mwenye heshima zake, alinifungulia geti nikasimama pale dakika chache. Nililigusa. Lilikuwa la moto vile vile, na machozi yakanitoka.

Wingu lilikuwa nyuma ya milima. Mlinzi akaanza kuondoa viti. "Mama, wahi barabarani, hiyo mvua."

Niliangalia ziwa. Upepo ulikuwa unatoka majini, mwepesi lakini upo, na kisiwa kilionekana mpaka miti yake. "Itapita," nikamwambia. "Niache nikae kidogo."

Nilikaa juu ya jabali la bibi mpaka matone ya kwanza yaliponipiga mgongoni. Mvua ilimwagika yote kwa pamoja, na upepo bado unatoka ziwani. Mlinzi akaniita kutoka kwenye kibanda chake, "Si nilikuambia, mama?"

"Uliniambia, baba," nikamjibu.

Nilivua mtandio nikaufunga mfuko wa dagaa mara mbili, nikaukumbatia kifuani. Mimi nilifika Buhongwa nimelowa chapachapa. Dagaa walifika wakavu.