Dawa ya Mbuzi Ndani ya Bahari ya Sebuleni

Mwaka ule ng'ombe walipokuwa wakifa kwa kiangazi Kajiado, mume wangu alikuwa anafuga bahari Kitengela. Bosi wake Mzungu alirudi kwao akamwachia tangi la kioo, samaki wanne na matumbawe hai. Maji ya kisima hayafai, mume wangu akasema. Matumbawe yakanunuliwa maji safi ya dukani, yakatiwa chumvi maalumu. Mimi na watoto tulikunywa ya mkokoteni wa punda.

Kisha minyoo ikaingia, bapa, ya rangi ya kutu, midogo kama punje za wimbi. Iliyafunika matumbawe mpaka yakajikunja. Mume wangu aliinyonya kwa mpira kila jioni, na kila asubuhi ilikuwa imeongezeka. Hatimaye akasoma mtandaoni, kwenye saiba, kwamba Wazungu huiua kwa dawa ya minyoo ya mbuzi. Tukaenda Kajiado, duka la dawa za mifugo.

"Mbuzi wako wana uzito gani?" muuzaji akauliza.

"Si ya mbuzi. Ni ya matumbawe."

"Hiyo ni mbegu ya mbuzi wa kutoka nje?"

"Ni wanyama wa baharini."

Muuzaji akatazama nje, vumbi tupu mpaka upeo wa macho. "Hapa Kajiado?"

Nyumbani nikamshauri ajaribu kwanza kwenye ndoo.

"Wewe umesomea bahari wapi?" akaniuliza, mwanamume aliyezaliwa Kakamega, mbali na bahari, kama mimi.

Akaimimina dawa moja kwa moja tangini. Minyoo ilianza kudondoka, naye akaimba pambio. Hakuwa amesoma ukurasa wa pili: minyoo hiyo ikifa kwa wingi hutoa sumu. Kufikia mchana samaki wote walikuwa wamelala ubavu, naye anakimbia na majagi ya maji safi huku suruali imelowa. Matumbawe yalififia taratibu, yakawa meupe kama mifupa ya ng'ombe waliolala kando ya barabara ya Namanga.

Mama mkwe alipopigiwa simu alisema, "Mngewakaanga mapema."

Mume wangu hakula chakula cha jioni. Nilimwonea huruma, ya kutosha tu. Jumapili, watu wa kanisa walipompa pole, aliwaeleza kwa uchungu kwamba siku hizi maduka ya Kajiado yanauza dawa feki.