Siku Tuliyopaka Mawe Chokaa

Nilimaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nikiwa na miaka ishirini na sita, na siku nilipopewa cheti nilitembea kutoka mjini Eldoret hadi mtaa wa Pioneer nikiwa nimekishika mbele yangu kama sinia ya chai, watu wakinipisha njia. Labda walinipisha kwa sababu nyingine. Sijali. Tangu siku hiyo nilikuwa natafuta kitu cha kutia sahihi, chochote kile, na ndivyo nilivyojikuta katibu wa mchezo wa sahani.

Sahani zenyewe zilikuwa za plastiki, za kurusha. Tuliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyetufundisha hesabu jioni katika shule ya msingi nje kidogo ya mji, mahali ambapo sitapataja kwa heshima ya chifu utakayekutana naye hapa mbele. Nyuma ya shule kulikuwa na kimsitu cha blugamu, yaani mikaratusi. Mwalimu alichagua miti kumi na minane, akaipaka kila mmoja mshipi wa chokaa. Unarusha sahani mpaka igonge mshipi wa mti wa kwanza, kutoka hapo unaufuata wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho, na anayemaliza kwa kurusha mara chache kuliko wenzake ndiye bingwa. Gofu ya watu wasio na viatu vya gofu. Wenzake walikuwa wameupeleka mchezo huo Kitale, Kapsabet na Nakuru, kwa hivyo alipopanda ndege kurudi kwao alituachia sahani ishirini na mashindano ya miji minne yasiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo nikapata kitu cha kutia sahihi. Hizo siku watu hawakukusanyika hivi hivi, hata kama ni kurusha plastiki. Niliandikia ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, barua ya kurasa nne, nikieleza mchezo, faida zake kwa mapafu na kwa taifa, na kibali kikatoka: Jumamosi moja, katika kimsitu kile na si kwingine, saa tatu asubuhi hadi saa kumi, atakayewajibika ni mimi. Nikaambiwa nakala ya pili niipeleke kwa chifu. Nikaikunja vizuri, nikaiweka kwenye mfuko wa koti.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mashindano, dhoruba ikaja. Wacha nikwambie, mvua ya mawe nimeiona, mimi ni mtu wa Uasin Gishu. Lakini ile! Kila punje kama yai la bata. Upepo uling'oa bati la choo cha shule na mpaka leo sijasikia limeangukia wapi, nadhani lilivuka mpaka likaomba uraia.

Jumamosi kulipopambazuka nilisimama kwenye kimsitu na kapteni wetu. Alikuwa mama mmoja fundi wa nguo kutoka mtaa wa Kapsoya, tuliyesoma naye darasa moja, mkono wake wa kulia umezoea mkasi kiasi kwamba sahani ikitoka hapo haipindi. Blugamu zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama walevi.

"Katibu," akasema, maana hakuniita kwa jina tena tangu nilipochaguliwa, "imebaki mingapi?"

"Saba, Mama."

"Tuahirishe."

"Haiwezekani. Kibali ni cha leo. Na ni cha hapa. Tukihamia hata kiwanja cha mpira pale, huo ni mkutano bila kibali, na aliyesaini..."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Na Kitale wamepanda basi tangu alfajiri."

"Ulisaini kwa herufi kubwa?"

"Kubwa sana, Mama."

Akaniangalia kwa huruma, kisha akakunja mikono ya sweta. "Lete chokaa."

Stoo ya shule ilikuwa na nusu gunia lililobaki tangu mkubwa fulani alipopita njia hiyo. Tukakoroga kwenye ndoo. Tulipopata kisiki, tulikipaka mshipi na nambari yake. Tulipokosa kisiki, tulipaka nguzo ya ua, na penye nguzo iliyooza tukapaka kichuguu. Ng'ombe wa jirani alisimama karibu nasi kwa dakika moja tu na akaondoka na nambari kumi na mbili ubavuni, hiyo nakuapia. Na kwa kuwa njia ya zamani ilikuwa imezibwa na magogo, Mama akasema wageni watapotea, basi tukapanga mawe pande zote mbili kuanzia barabara kuu hadi kimsituni, tukayapaka chokaa yote, tukafagia katikati.

Sasa, mtu aliyeishi miaka ile ameshashika kichwa. Mawe hayakupakwa chokaa bure. Ukiona mawe meupe kando ya barabara iliyofagiwa, unajua kuna mkubwa anakuja, na ukubwa wake unaupima kwa urefu wa mstari wa mawe. Wetu ulikuwa mrefu.

Askari wa chifu akapita na baiskeli. Akashuka. Akatazama mawe, akafuata mstari kwa macho mpaka mwisho.

"Saa ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Saa tatu."

"Leo?"

"Leo hii, afande."

Alipanda baiskeli akaikanyaga hata mnyororo ukalia kama kuku. Mimi nikamwambia Mama, "Unaona? Hata serikali inapenda michezo."

Haikupita nusu saa watu wakaanza kutokea. Wanaume wenye mashoka na misumeno, jozi mbili za ng'ombe wa kulimia, na trekta moja iliyokuwa na mwenyewe mkali ambaye kwa kawaida hakuwaazima watu hata spana. Wakaanza kukata matawi na kuvuta magogo. Nilizunguka nikiwashika mikono, "Asante Mzee, asante sana, Mungu awabariki," na kila mmoja alinijibu kwa heshima ya kutisha, kama mimi ndiye niliyetumwa kutangulia.

Kisha kikundi cha akina mama wa kanisa kikafika, wamevaa sare, wakaanza kufanya mazoezi ya wimbo wa kukaribisha. Na nyuma yao mwalimu mkuu, ambaye sikuwahi kumwona na tai siku ya Jumamosi, amefunga tai.

Mama akaacha kupaka. Burashi ilidondosha chokaa kwenye kiatu chake na hakuangalia.

"Katibu. Ile barua ya chifu ulipeleka?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Karatasi ilikuwa pale, imekunjwa vizuri.

"Aki wewe," akasema. "Umeita mkutano, umeita kwaya, umeita trekta. Nani anakuja?"

"Kitale, Mama."

Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Lakini chifu alikuwa ameshafika. Kaki imepigwa pasi hata inakata upepo, kofia ngumu, fimbo kwapani, jasho linamtiririka kwenye baridi ile ya Eldoret. Hakutuangalia. Alisimama mwisho wa mawe meupe, uso barabarani. Kila nilipopiga hatua kumwendea, nilirudi nyuma mbili.

Basi la Kitale likaonekana, likasimama. Kwaya ikapasua anga. Chifu akapiga saluti ambayo sijaona mfano wake hata kwenye gwaride. Mlango ukafunguliwa, akashuka kapteni wa Kitale, kijana mrefu aliyechafukwa na tumbo safarini, na gunia la sahani begani. Akaona saluti, akaona kwaya. Akaweka gunia chini, naye akapiga saluti.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mimi kwangu ulikuwa mwaka.

"Mgeni yuko wapi?" chifu akauliza.

Wimbo ukafa mstari kwa mstari. Nikatoa karatasi, nikampa kwa mikono miwili. Alisoma. Akarudia tena kutoka juu. Alipofika kwenye sahihi yangu aliinua macho akanipima kwa urefu, na nikaona selo, nikaona ugali wa huko, nikaona mama yangu akiniletea sweta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Makosa ni yangu. Hawa wote hawana kosa, Mzee."

"Barua ni ya wiki tatu."

"Ndiyo, Mzee. Nilisahau mfukoni."

Akanisogelea mpaka ukingo wa kofia ukagusa paji langu. "Kwa hivyo," akasema polepole, "hakuna mtu mwingine anakuja."

"Hakuna."

"Hakuna gari nyuma ya hilo basi."

"Kuna Nakuru na Kapsabet tu, Mzee. Wanarusha sahani."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Chifu akavua kofia. Akatafuta gogo, akakaa, akapumua pumzi ambayo naamini iliangusha moja ya zile blugamu saba. Kisha akaniashiria niiname.

"Daraja langu lilienda na mafuriko mwaka jana," akaninong'oneza. "Ripoti inasema limetengenezwa. Unaelewa kijana? Nilikuwa nimeshamuaga bibi yangu."

Na mimi, ambaye dakika ile ile nilikuwa nimeshamuaga mama yangu kichwani, nikakaa kando yake bila kualikwa. Tukacheka. Tulianza kimya kimya, halafu yeye akashika mbavu, na watu walipoona chifu anacheka, wote mpaka mwenye trekta wakacheka bila kujua kwa nini. Kwaya ikaanza wimbo upya. Wageni walikuwa wamefika, sivyo?

"Kibali kinasema saa tatu," chifu akasema akisimama. "Mmechelewa. Chezeni."

Tukacheza. Uwanja safi kuliko alivyouacha mwalimu wetu. Chifu alifungua mashindano kwa kurusha sahani ya kwanza, na alifika kwenye kisiki cha kwanza baada ya kurusha mara kumi na tisa. Mama aliandika nne, na hakuna timu iliyokata rufaa. Kapsabet wakashinda. Sisi tukawa wa tatu, ingawa Mama anashikilia hadi leo kwamba sahani yake ya mwisho iligonga nambari kumi na mbili, ni vile tu nambari kumi na mbili ilikuwa imeenda kunywa maji.

Saa kumi kamili nilikusanya sahani. Chifu alitia sahihi nakala yake juu ya gogo, ndogo, ya mtu asiyetaka kuonekana sana, akaniambia siku nyingine barua itangulie chokaa. Nikamuuliza kama tuoshe yale mawe kabla ya kuondoka.

Akatazama barabara, juu na chini.

"Wachana nayo," akasema. "Huwezi kujua."

Jumatatu iliyofuata, nikienda kazini, nilipita karibu na mto. Mafundi walikuwa wanapiga misumari kwenye lile daraja la chifu, na mbao zenyewe zilikuwa za blugamu.