Vumbi la Kijivu Ndani ya Kisagio

Mama alikuwa ameshamaliza kikombe chake nilipoliona lile vumbi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa Matongo, kwenye nyumba ya walimu ninakoishi. Nilikuwa nimemsagia kahawa, nikaikamua, nikampa, naye akaketi kizingitini akainywa funda moja moja. Mimi nikajaza kisagio tena ili nitengeneze ya kwangu. Nilipozungusha mpini, mkono ulishtuka.

Kisagio kile cha mkono nilikuwa nimekaa nacho miaka mitatu. Nilikipata kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi hotelini Mwanza, pamoja na mashine ndogo ya kukamulia espreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo, kwa nguvu za mikono. Kila siku kabla ya kwenda shuleni nilikibana katikati ya mapaja nikasaga. Kwa uzito wa mpini tu nilijua kama unga utakuwa laini mno hadi maji yagome kupita, au utakuwa wa chengachenga na kahawa itoke nyepesi kama chai ya rangi. Asubuhi ile uzito ulikuwa wa kitu kingine. Ndani kulikuwa kunakwaruza, kama mchanga kwenye mboga isiyooshwa vizuri. Hata nilipokuwa nasaga ya mama nilihisi mkwaruzo kidogo, nikadhani buni nilizokaanga jana yake zilibaki ngumu. Nikaendelea kusaga.

Nikakifungua. Katikati ya meno ya chuma, kwenye unga wa kahawa, kulikuwa na chenga za kijivu na nyingine nyeupe zinazometa. Meno mengine yalikuwa yamelika ncha.

Vumbi lile kila anayeishi huku analijua. Linaonekana kwenye suruali za wanaume wanaotoka kwenye mashimo ya dhahabu. Nikamkumbuka kaka yangu, aliyekuwa akilala sebuleni kwangu kwa mwezi wa nne sasa. Alitoka kwetu Machochwe baada ya tembo kumaliza mahindi yake misimu miwili mfululizo. Hakuwa mtu wa dhahabu, alikuwa mtu wa jembe na ng'ombe. Mama alikuwa amekuja wiki ile kumshawishi arudi nyumbani.

Jiwe lenyewe halikunitisha sana. Kilichonitisha ni zebaki. Wachimbaji huchanganya unga wa mawe na zebaki ili ikusanye dhahabu, na ubaya wake mwilini, hadi mikono kutetemeka miaka baadaye, mimi mwenyewe ninaufundisha darasani.

"Mama, mdomoni unasikiaje?"

"Uchungu."

"Uchungu wa kahawa, au mwingine?"

"Uchungu ni uchungu, mwanangu. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu. Nikampigia kaka, simu haikupatikana. Nikamwambia mama twende kituo cha afya, akakataa, akasema haumwi na hawezi kwenda kumsumbua mganga bure. Nikamwomba mwalimu jirani akae naye. Nikakifunga kisagio kwenye kitenge, nikachukua bodaboda hadi kwenye karasha, mahali mashine zinapovunja mawe, ambako kaka alikuwa akibeba magunia.

Wanaume walikuwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Kaka aliniona, lakini hakunisogelea. Ikabidi nimfuate mimi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

Nikafungua kitenge. "Hiki ulikitumia?"

Akakitazama kisagio, kisha akamtazama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Sijawahi kukigusa."

Nikageuka. Mtu yule alikuwa msimamizi wa karasha, mwanaume mnene wa sauti ya chini. Akanyoosha mkono kwa adabu.

"Ni nini hicho, mwalimu?"

"Cha kusagia kahawa."

Akakichukua, akazungusha mpini, akasikiliza. Akachota vumbi kwa kidole, akalisugua. "Hii siyo kahawa," akasema.

Wawili watatu waliokuwa karibu wakaacha kazi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mawe ya pale yana wenyewe. Yanagawanywa mbele ya watu. Anayechomoka na jiwe kwa siri akikamatwa hapelekwi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa nimembebea ndugu yangu ushahidi kwa mikono yangu, nikamkabidhi mtu ambaye hakupaswa kuuona.

Kaka alikuwa anatazama chini.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisaga kijiwe nilichookota karibu na shule. Nilitaka kuwaonyesha watoto miamba inavyokuwa ikisagwa. Nimemuuliza kaka kwa sababu nilidhani naye alikitumia, maana meno yameharibika."

Msimamizi akaendelea kuzungusha mpini. Nami sikuweza kuondoka, kwa sababu swali langu lilikuwa bado halijajibiwa. Nikamgeukia kaka, nikajilazimisha kusema polepole.

"Tatizo ni kwamba mama ameinywa kahawa iliyosagwa humu leo asubuhi. Wewe unayajua mawe kuliko mimi. Nimpeleke hospitali?"

Akainua uso. Hata chini ya lile vumbi niliona uso wake umepauka. Kama angesema anajua kilichokuwa ndani, angekuwa amejitaja.

"Kijiwe cha kuokota hakina zebaki," akasema. "Ni mchanga tu. Lakini mpeleke. Mpeleke sasa hivi."

Msimamizi akamtazama, akanitazama, akanirudishia kisagio.

"Mwalimu," akasema, "huko shuleni kwenu mna mawe mazuri."

Nilitembea hadi kwenye bodaboda bila kugeuka nyuma.

Mama alikubali kwenda baada ya kuniona nikilia. Mganga wa kituo alimpima, akasikiliza maelezo yangu, akasema kwa mchanga kidogo hakuna la kufanya zaidi ya kunywa maji, na kama ni zebaki, dalili hazitaonekana siku ile. Tumwangalie. Tukarudi nyumbani kumwangalia.

Kaka alirudi saa kumi, mzima, akabaki amesimama mlangoni. Alisema lilikuwa jiwe moja, dogo kama yai la kuku, alilolificha kwenye soksi. Hakutaka kuambiwa na mtu mwingine kwamba halina kitu. Alitaka ajionee mwenyewe. Alilivunja kwa nyundo, akalisaga Ijumaa nilipokuwa shuleni na mama ametoka, akalipepeta kwenye sahani yangu. Halikuwa na kitu. Akaosha kisagio mara tatu kwa maji.

"Na zebaki?" nikamuuliza.

"Nimeshakuambia."

"Uliniambia mbele ya watu."

"Basi nakuambia tena. Hakuna."

Mama alikuwa kitandani, na mlango ulikuwa wazi. Akamwita kwa Kikurya, akamwambia afungashe. Kaka hakubisha. Jumatatu asubuhi waliondoka wote wawili kwenda Machochwe, na kaka hajarudi huku tena. Analima, na mahindi yakikomaa analala shambani na wenzake kufukuza tembo.

Rafiki yangu wa Mwanza alinitumia meno mapya. Ninasaga kama zamani, ila sasa kabla ya kuweka buni nafungua kwanza na kuchungulia kwa tochi ya simu, kila siku, ingawa ninaishi peke yangu.

Mama huja kunitembelea shule zikifungwa, na bado anapenda kikombe chake kidogo. Safari iliyopita niliona mkono wake unatetemeka akikipokea, hata kahawa ikamwagikia kwenye kisahani. Nikamuuliza umeanza lini. Akasema ni uzee, na mama yake naye alikuwa hivyo. Huenda ni kweli. Nikafuta kisahani, nikaketi karibu yake, nikawa namwangalia vidole hadi alipomaliza.