Bati Lililovuja Upande Wangu

Mvua ya kwanza baada ya kumzika mume wangu ilinikuta kitandani alfajiri, upande wangu. Tone moja shingoni, halafu la pili. Nilisogeza mto, nikabaki palepale. Upande wake ulikuwa mkavu lakini sikuulalia. Siku zile sikulia wala sikucheka, nilikuwepo tu. Watu wa kanisa walisema nimejikaza. Kujikaza gani? Sikusikia chochote.

Ilipofika mvua ya tatu godoro likaanza kunuka, nikamwita fundi wa hapa Usenge, yule aliyetuezekea jikoni. Alisimama nje ya mlango, akatazama paa, akatazama chini.

"Mama, hiyo siwezi panda," akasema. "Kuna mwanaume ameingia hapa?"

Alimaanisha ndugu wa marehemu, wa kunirithi. Kwa wazee wetu, paa la mjane haliguswi kabla hajarithiwa, na anayeligusa anajitafutia chira, ule ugonjwa wa kuvunja mwiko. Shemeji yangu, ambaye ndiye angenirithi, aliniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, si ukubali tu tumalize hii maneno? Hata kesho nitapanda."

Ebo! Niolewe kwa sababu ya bati? Sikukataa kwa ushujaa. Sikutaka tu mtu mwingine alalie ule upande mkavu. Basi ikawa hivyo: nizibe paa mwenyewe, ama koti la shemeji litundikwe chumbani mwangu.

Binti yangu, anayeuza mitumba Kondele, alinitumia video kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye kofia ya chuma anatabasamu na kuonyesha vifaa vyake. Bando likaisha kabla hajakanyaga ngazi. Nikanunua misumari ya kawaida, nikaazima ngazi kwa jirani. Mama yule aliisimamisha ukutani, akasema yeye hajaniona, akarudi kwake.

Bati lina migongo na mabonde. Mimi nilipiga misumari bondeni, maana huko ndiko bati linakokalia mbao na msumari unashika vizuri. Nilipiga kama ishirini hivi pale bati lilipolegea, nikashuka nikijisifu. Mvua iliyofuata, maji yakapita bondeni, njia yake ya siku zote, yakaingia kwa kila tundu nililotoboa. Sasa kulivuja pande zote mbili. Nilikaa kwenye kiti nikitazama upande wake ukilowa, nikakasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu tangu mazishi.

Asubuhi nilipanda kung'oa ujinga wangu. Nikatambaa mpaka juu zaidi, penye kiraka alichopiga mume wangu mwaka juzi, nione alifanyaje. Misumari yake yote ilikuwa mgongoni mwa bati, na chini ya kila kichwa alikuwa ameweka kipande cha mpira, kimekatwa mviringo. Nikakwangua kimoja kwa kucha. Kilikuwa cha buluu, kina nusu ya ua jeupe.

Patipati yangu ya kushoto! Mwaka mzima nilimsumbua mtu yule aniambie ilikoenda. Akaniapia kwamba mbwa wa jirani ameibeba, nami nikaenda kumfokea jirani mpaka tukanuniana mwezi mzima.

"Mwongo wewe!" nikasema kwa sauti, kule juu. "Mwongo mkubwa!"

Jirani akachungulia, akajificha tena.

Patipati zake mwenyewe zilikuwa bado mlangoni, pale alipozivua siku tuliyompeleka hospitali. Nilikuwa nafagia nikizizunguka. Nilizichukua, nikakaa kizingitini na kisu. Visigino vilikuwa vimebonyea. Nikakata, ya kwanza, halafu ya pili, nikawa na rundo la viduara vya kahawia. Nikaziba matundu ya bondeni kwa lami, nikapiga misumari upya, mgongoni, kila mmoja na kipande chake.

Jumamosi mchana mvua ilinyesha ya mawe. Niliweka beseni katikati ya kitanda, nikasimama nikingoja. Beseni halikupata hata tone. Nikaliondoa, nikalala upande wake, na hapo ndipo nilipomlilia mume wangu, kwa sauti yangu yote, mpaka jirani akaja mbio kwenye mvua kugonga mlango, akidhani paa limeniangukia.