Mikono ya Muuza Ndagala

Mama muuza ndagala wa mtaa wetu wa Kilibula, jamani, hakujua kusalimu kwa mdomo tu. Lazima akushike kwa mikono yote miwili, ikinuka hao dagaa wa ziwani, akuulize habari za nyumbani mpaka umalize. Wakati wa uasi, wapiganaji walikuja kumchukua jirani yake muuguzi, eti alitibu askari wa serikali. Dawa waliyochanjwa kuzuia risasi ilikuwa inaisha nguvu wakiguswa na mwanamke. Mama akasimama mlangoni kwa muuguzi, mikono mbele.

“Karibuni, wanangu! Munipe mukono kwanza.”

“Mama, toka! Utatuharibia dawa!”

“Nani aliwalea bila salamu?”

Akawasogelea. Wakarudi nyuma mpaka barabarani, wakaondoka. Muuguzi akatoka. Mama akamshika mikono. “Haya, baba. Habari ya nyumbani?”