Mabaraza ya Walikale na Milango ya Chuma

Sisi tuliokulia Walikale, huku msituni Kongo, kabla ya vita hatukujua kununua mwavuli. Wa nini, na kartie ya Mabaraza, mtaa wetu, ilikuwepo?

Wa rika langu wanazikumbuka zile nyumba za matofali kwenye barabara ya soko, maduka ya wafanyabiashara kutoka Butembo, kila moja na baraza pana lenye paa mbele, na baraza moja likishikana na la jirani hadi mwisho wa mtaa. Mvua yetu ya msituni haibishi hodi. Ilitukuta pale wavulana wakicheza biye, zile gololi za kioo, sisi wasichana tukiruka kamba, na harufu ya samaki wa chumvi wa makayabo, sabuni na vikwembe vipya vya wamama ikitoka madukani. Mama Kavira, muuza mawese, alitugombeza mchana kutwa: "Mweye batoto, mutanipasulia madumu!" Lakini wingu likitanda, yeye ndiye aliyetoka kuwaita wawindaji wa Itebero waliokuja kwa miguu na nyama yao. "Mupande huku, ba papa, mutalowana bure!" Hakuuliza kama watanunua.

Kisha vita. Tukakimbia, mabati yakaibwa, majani yakaota hadi madirishani. Kwa hiyo vijana walipounda komite ya kufufua kartie, nani alifurahi kunishinda? Nilibeba mchanga kichwani, kwa umri wangu huu! Waliezeka upya, wakapaka rangi. Josué, prezida wao, kijana mwenye adabu kama hana telefone mkononi, alipiga foto mpaka nikazionea huruma kuta.

Halafu wakaweka milango ya chuma. Kila baraza na mlango wake, na ukuta kati yake na la jirani.

"Josué, mwanangu, hii ni nini?"

"Mama, hii njo modeli ya sasa. Baraza iko ya bakiriya, benye kununua."

"Na mwenye hanunui?"

"Anapita tu, Mama."

Apite! Nilirudi nyumbani nimefura.

Siku ya soko, nikiwa palepale barabarani, mvua ikamwagika. Wamama waliotoka Itebero na vikapu vya mihogo wakakimbilia mabaraza, wakagota kwenye chuma. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunika kwa beseni. Mlinzi alikuwa ndani, kwenye kiti cha plastiki, anamtazama.

"Kaka, pokea hata mutoto tu," mama akamwambia.

"Patron hajasema nifungue."

Nilipiga kelele, nikautikisa ule mlango mpaka viganja vikachubuka. Mlinzi akageuza kiti, akanipa mgongo. Nililia kwa hasira, na mvua ikanisitiri.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Kambale, mtoto wa Mama Kavira, ambaye tulikua naye. Naye alikuwa ameweka chuma kwenye duka la mama yake, kama wengine. Alisimama akitutazama, kisha akafungua. Mama wa beseni akaingia wa kwanza, nyuma yake vikapu, kuku, watoto na matope juu ya sakafu mpya ya saruji.

Kesho yake Kambale akaung'oa mlango wote. Josué akaja mbio.

"Papa Kambale, unaharibu sura ya kartie!"

"Kartie iko batu, Josué. Kamata foto yao basi."

Josué hakupiga foto. Jirani naye, alipoombwa avunje ukuta wa kati, alikataa katakata.

Basi tumefufua mtaa, ninyi wenzangu, na lililo wazi ni baraza moja. Mvua ikianza, kartie nzima inang'aa tupu kwa rangi zake, na sisi tumebanana kwa Kambale kama dagaa. Enzi zetu, mtu aliyelowana Walikale alikuwa amependa mwenyewe. Leo analowana mkono wake ukiwa umeshika mlango, na paa jipya analiona kwa macho.