Wiki Maji Yaliposifiwa

Mtaani walimbandika jina la Bi Klorini, na hata watoto wa jirani walimwamkia hivyo. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya maji katika ofisi ya afya: meza moja, simu moja, na kiti cha mgeni ambacho hakikuwahi kupoa. Huyu alikuja kusema maji yananuka kama sakafu ya hospitali. Yule alileta shati lililopauka. Mzee mmoja alifunga mlango kwanza, akainama, akanong'ona kwamba tangu maji yaanze kutiwa dawa, nguvu zake za kiume zimemkimbia.

"Mzee wangu, una miaka mingapi?"

"Sabini na kitu. Lakini hilo halihusiani."

Kila siku alieleza yale yale mpaka ulimi ukachoka: dawa ni kidogo, inaua vijidudu, chota maji uyaache wazi harufu itatoka. Waliitikia kwa kichwa, kesho yake wakarudi. Na akifika nyumbani alimkuta mlalamikaji sugu kuliko wote, mama mkwe wake, ambaye hakuhitaji hata kupanga foleni.

"Mkwe wangu, chai yako leo imenishinda. Inanuka dawa."

"Mama, ni maji hayo, si chai."

"Basi waambie wenzako."

Kisha wiki moja simu ikanyamaza. Jumatatu hakuja mtu, Jumanne vilevile. Bi Klorini alishukuru Mungu, akaegemea kiti. Jumatano asubuhi muuza juisi wa pale kona akamsimamisha barabarani.

"Leo nakupongeza! Haya ndiyo maji. Matamu kama ya mvua!"

Matamu? Dawa imekwenda wapi? Alikwenda ofisini mbiombio, akajaza maji ya bomba kwenye kichupa cha kupimia, akatia kidonge, akatikisa. Yakiwa na dawa, maji yalipaswa kugeuka rangi ya waridi. Yalibaki meupe pe.

Akampigia fundi wa mtambo wa maji. "Klorini inaingia?"

"Pampu inanguruma, dada. Naisikia kutoka hapa nilipo."

"Sikuulizi inaimba nini! Nenda kaangalie mrija wa dawa."

Fundi alirudi kwenye simu sauti imemshuka. Mrija ulikuwa umeziba. Pampu ilikuwa ikinguruma bure.

"Tangu lini?"

"Kwa kweli sijui, dada. Hakuna aliyelalamika."

Nusura airushe simu ukutani. Mchana gari la matangazo lilizunguka kuwaambia watu wachemshe maji. Jioni mrija ulibadilishwa, dawa ikatiwa ya kutosha kusafisha mabomba. Zahanati ilipokea watoto kadhaa wanaoharisha, nao baadaye walipona wote.

Alhamisi foleni ilifika getini, muuza juisi akiwa mbele.

"Mmetuonjesha maji ya maana, mkaona tunafaidi sana, siyo?"

Hajamaliza kumjibu, bosi akamwita. "Ulikuwa umeanza vizuri wiki hii. Mbona malalamiko yamepanda ghafla?" Bi Klorini alimweleza akiwa amesimama, maana aliona akikaa atalia.

Nyumbani alikuta ua umejaa madumu, ndoo, sufuria, hadi karai la kufulia. Mama mkwe alikuwa amekinga akiba.

"Mama, hayo maji hayana dawa."

"Ndiyo maana nimeyaweka!"

"Basi tuyachemshe."

"Ukiyachemsha utamu unatoka."

Bi Klorini hakubishana tena. Alikunja mikono ya gauni, akashika dumu la kwanza, akalimwaga. Mumewe alitokeza mlangoni, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, asijue aende upande gani.

"Usinisimamie kama nguzo," mkewe akamwambia. "Shika hilo karai."

Akalishika. Mama mkwe aliingia ndani na kuubamiza mlango.

Usiku walikaa kula. Mama mkwe hakuigusa glasi yake. Bi Klorini alijimiminia maji ya bomba, yakanuka mpaka machozi yakamlengalenga, akayanywa yote, akajimiminia tena.